Ini la Sikukuu Ni Fungu la Nani?



Sikukuu ya Noeli au ya Pasaka inapokaribia, jamaa nyingi za kwetu hujitahidi kupata nyama. Mwenye mbuzi huchinja mbuzi, mwenye nguruwe huchinja nguruwe, na wasio na mnyama huungana jamaa tatu au nne kumnunua mmoja. Twajua sote namna kazi ile inavyoendelea. Mapaja na mbavu hutengwa kwa wageni. Ini, moyo, figo na bandama havingoji: hutupwa juu ya makaa papo hapo, na wanaume waliochinja huvila kwa chumvi na pilipili kabla chungu hakijatelekwa. Matumbo huachiwa wanawake wayaoshe mtoni. Jioni vyote vimekwisha. Siku ya tatu nyumba imerudi kwenye bukari na sombe, na nyama ni habari ya zamani mpaka sikukuu nyingine.

Hatusemi kwamba ni vibaya kufurahi. Twauliza swali moja tu: katika jamaa hiyo, ni nani aliye na haja kubwa ya ini lile? Na je, halikuweza kungoja, likakaushwa kwa moshi, likamfikia huyo mwenye haja kidogo kidogo kwa muda wa wiki nzima? Hayo ndiyo tunayotaka kuzungumza nanyi leo.

Ndani ya ini mna nini?

Watu wengine hudhani nyama za ndani ni nyama duni, chakula cha maskini. Sivyo hata kidogo. Gramu 100 za ini bichi la ng'ombe zina protini gramu 20 hivi, sawa na mnofu mzuri. Tena zina madini ya chuma miligramu 5 hivi, karibu mara mbili ya mnofu. Ini la nguruwe lapita hapo, kwa maana lina zaidi ya miligramu 20. Bandama ya ng'ombe, ambayo wengi huwatupia mbwa, ina zaidi ya miligramu 40. Moyo una miligramu 4 hivi. Chuma hicho ndicho mwili unachokitumia kutengeneza damu nyekundu. Asiyekipata huwa mweupe viganjani na ndani ya kope, huchoka upesi, hupumua kwa shida akipanda mlima, na mtoto wa namna hiyo husinzia darasani hata kama ana akili nzuri.

Chuma cha nyama kina faida nyingine. Tumbo hukipokea kwa urahisi kuliko chuma cha majani na cha maharagi. Zaidi ya hayo, kipande kidogo cha nyama kikipikwa pamoja na maharagi au lengalenga husaidia mwili kupokea hata kile chuma cha mboga. Kwa hiyo hatuhitaji sahani iliyojaa. Kidogo kilichochanganywa katika chungu chafanya kazi kubwa.

Ini lina vitamini A pia, ambayo hulinda macho na kumsaidia mtoto kushinda magonjwa. Tena lina vitamini B12, na habari ya vitamini hii yafaa isimuliwe, hasa kwa ajili yenu wanafunzi. Zamani palikuwa na ugonjwa mmoja wa upungufu wa damu ambao haukuwa na dawa, aliyeupata alikufa. Huko Marekani, daktari George Whipple aliwapa ini mbwa waliopungukiwa na damu, akaona damu yao inarudi. Mwaka 1926 madaktari George Minot na William Murphy wa mji wa Boston walitangaza kwamba wamewalisha wagonjwa 45 chakula chenye ini kwa wingi kila siku, nao wakapata nafuu. Mwaka 1934 wote watatu walipewa tuzo ya Nobel. Hata hivyo ilipasa kungoja hadi mwaka 1948 ndipo wataalamu walipoitenga ile vitamini yenyewe, wakaijua. Basi wagonjwa waliponywa na ini miaka mingi kabla watu hawajafahamu sababu yake.

Mwenye haja ni nani?

Wa kwanza ni mtoto aliyetimiza miezi 6. Mpaka hapo maziwa ya mama yamtosha. Tangu hapo chuma alichozaliwa nacho kinakwisha, na maziwa peke yake hayawezi kumtimizia haja. Ayaendelee kuyanyonya, lakini aongezewe chakula kingine. Kwetu mara nyingi huongezewa uji wa muhogo, ambao hujaza tumbo lakini haujengi mwili.

Wa pili ni mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake yu njiani. Huyu yumo hatarini. Watu wa Kivu wanaujua ugonjwa wa bwaki: miguu na uso huvimba, nywele hugeuka rangi na kung'oka upesi, ngozi huambuka, mtoto hukaa kimya na kukataa kula. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi iitwayo leo Ghana, aliuandika ugonjwa huo kwa waganga wa dunia. Baadaye akautaja kwa jina walilolitumia akina mama wa huko, wa kabila la Waga: kwashiorkor, maana yake ugonjwa wa mtoto mkubwa anapozaliwa mdogo. Akina mama wale walikuwa wameona sawasawa. Leo madaktari wanajua kwamba bwaki haitokani na ukosefu wa nyama peke yake. Kuhara, surua, malaria na unyonge wa chakula chote husaidiana kumwangusha mtoto. Mtoto aliyekwisha kuvimba asitibiwe nyumbani kwa ini, bali apelekwe hospitali siku ile ile. Sisi twasema habari ya mtoto ambaye bado ni mzima, ili asifike huko.

Wa tatu ni mama aliyejifungua, aliyepoteza damu na ambaye sasa ananyonyesha. Wa nne ni msichana aliyevunja ungo, ambaye hupoteza damu kila mwezi. Ongezeni malaria na minyoo ya tumbo inayonyonya damu, ndipo mtaona kwamba wenye haja ni wengi, na kwamba mara nyingi si wale wanaokaa karibu na makaa siku ya kuchinja.

Desturi ya heshima

Hapa twagusa jambo linalotaka adabu. Katika makabila mengi ya Afrika ya Kati, firigisi la kuku ni la mwenye nyumba, na mwanamke hathubutu kuligusa. Penginepo ini au moyo wa mnyama ni fungu la mzee au la mwindaji. Wahenga hawakupanga hivyo kwa uchoyo. Fungu hilo lilikuwa alama ya cheo, na kwa kugawa nyama kila mtu alijua mahali pake.

Hatupendi kumvunjia baba heshima mbele ya watoto wake. Lakini heshima yenyewe yaweza kulindwa kwa njia nyingine. Fungu likiisha kuletwa mbele ya baba, ni yeye mwenyewe anayeweza kusema, "Hili likaushwe, liwe la mtoto na la mama yake." Akisema hivyo, hakuna atakayedhani kwamba ameshushwa. Nasi twajua kwamba neno la namna hii halisemwi vizuri na mke, wala na jirani, wala na gazeti. Latoka vizuri kinywani mwa baba.

Wako pia vijana wa shule wanaoona haya kula matumbo, kwa kudhani kwamba Wazungu hawayali. Basi wajue kwamba huko Ufaransa, katika mji wa Vire, watu huyaosha matumbo ya nguruwe, huyakata, huyatia chumvi, huyaviringa ndani ya utumbo mpana na kuyatundika katika moshi wa kuni. Chakula hicho, kiitwacho andouille, ni sifa ya mji wao. Wadachi nao hutengeneza soseji ya ini na kuikausha kwa moshi. Kuhifadhi nyama za ndani kwa moshi ni akili ya watu wengi, na bibi zetu walikuwa nayo.

Namna ya kukausha

Nyama za ndani huoza upesi kuliko mnofu, kwa sababu zina maji na damu nyingi. Katika kilo 1 ya ini bichi, gramu 700 hivi ni maji. Je, moshi hufanya kazi gani? Kazi ya kwanza ni ya joto: huyaondoa maji, na vijidudu vya kuozesha haviwezi kuishi pakavu. Kazi ya pili ni ya moshi wenyewe: una dawa zinazoshika juu ya nyama na kuvizuia vijidudu, tena huchelewesha mafuta yasichache. Protini na chuma hubaki. Vitamini nyingine hupungua, ndiyo sababu ini bichi lililopikwa siku ile ile ni bora zaidi. Lakini ini la moshi lililo chunguni siku ya nane lashinda ini bichi lililoliwa lote siku ya kwanza.

Fuateni basi taratibu hii.

1. Kagueni. Ini zuri ni laini, lina rangi moja, halina harufu mbaya. Mkikuta malengelenge yenye maji ndani ya ini au pafu, au minyoo bapa kama majani madogo katika mifereji ya nyongo, msilitumie. Lichomwe au lizikwe chini sana. Mbwa asipewe kamwe, kwa maana yale malengelenge ni watoto wa mnyoo unaokua ndani ya mbwa na kurudi kwa watu. Katika ulimi na moyo wa nguruwe tazameni kama mna punje nyeupe mfano wa mchele. Hiyo ni mbegu ya tegu. Nyama ya nguruwe huyo isiliwe.

2. Ondoeni kifuko cha nyongo kwa uangalifu kisipasuke. Pasueni moyo, mtoe damu iliyoganda. Figo zikatwe katikati na kutolewa mishipa myeupe. Matumbo yageuzwe, yaoshwe kwa maji mengi safi mara nne au tano, yasuguliwe kwa chumvi, kisha yachemshwe mpaka yalainike.

3. Kateni ini na moyo vipande virefu vyenye unene wa kidole, visizidi. Kipande kinene hukauka nje na kuoza ndani.

4. Tieni vipande katika maji ya chumvi yanayochemka kwa dakika 10 hivi, mpaka damu isionekane tena. Viopoeni, vichuje maji.

5. Vipangeni juu ya chanja ya fito mbichi, visigusane. Chanja iwe juu ya moto kiasi cha urefu wa mkono, ili nyama isiungue. Moto wa kwanza uwe na joto la kutosha kukausha. Kisha punguzeni, muache moshi mwembamba mchana kutwa, na tena siku ya pili. Tumieni kuni ngumu zilizokauka. Msitumie mbao zilizopakwa rangi, wala plastiki, wala mipira. Wala msifanye kazi hii ndani ya nyumba wanamolala watoto, kwa maana moshi huharibu mapafu yao na macho ya mama.

6. Kipande kilichokauka vema ni kigumu, nacho kikivunjwa hakitoi unyevu. Kiwekeni ndani ya kikapu safi kilichofunikwa kitambaa, mahali pakavu penye hewa. Kila siku ya tatu kirudisheni juu ya moshi kwa saa moja au mbili. Kwa njia hii kitakaa wiki moja, hata mbili. Msikifunge katika mfuko wa plastiki wala kopo kingali na unyevu, maana humo hupatikana sumu isiyoonekana. Msinyunyizie dawa ya kuua wadudu. Chenye ukungu au utelezi kitupwe, hata kama roho yauma.

Namna ya kupika

Kwanza osheni kipande kwa maji ya moto, mkwangue masizi, kisha kilowekwe kwa saa moja. Kwa kuwa kimeingia chumvi, onjeni mchuzi kabla ya kuongeza nyingine.

Moyo wa moshi katika sombe: twangeni majani ya muhogo, yachemsheni vizuri kama desturi, kisha tieni moyo uliokatwa vipande vidogo, kitunguu na mawese. Viive pamoja mpaka moyo ulainike.

Ini la moshi katika maharagi: maharagi yakikaribia kuiva, tieni ini lililokatwa vidogo pamoja na nyanya. Nyanya, au tone la ndimu mezani, husaidia mwili kupokea chuma. Chai yazuia. Basi chai inywewe baadaye, wala si pamoja na chakula.

Matumbo ya moshi na lengalenga: matumbo yalainike kwanza, ndipo mboga ifuate dakika chache kabla ya kuepua.

Uji wa mtoto: kipande cha ini au moyo kilichooshwa na kuchemshwa tena kwa nusu saa kitwangwe katika kinu safi mpaka kiwe laini kabisa. Kijiko kimoja kidogo kitiwe katika uji wa mahindi au soya wenye tone la mawese. Kwa ini, mara mbili kwa wiki yatosha. Siku nyingine mpeni moyo, samaki, yai au maharagi yaliyopondwa. Hesabuni wenyewe: ini la mbuzi wetu huwa karibu nusu kilo. Watu sita wakikaa kuzunguka makaa, ni tonge chache kila mmoja. Likikaushwa, latosha uji wa mtoto na chungu cha mama kwa wiki mbili.

Mambo ya kuangalia

Mama mjamzito anahitaji chuma, lakini asile ini kwa wingi. Gramu 100 za ini la ng'ombe zina vitamini A zaidi ya mara 5 ya ile anayohitaji kwa siku, na vitamini A ikizidi mno yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa miezi ya kwanza. Huyu apewe moyo na bandama, ambavyo vina chuma bila vitamini A nyingi, naye ameze vidonge vya chuma anavyopewa na mkunga. Mwenye ugonjwa wa jongo aziepuke nyama za ndani. Mwenye shindikizo la damu ajihadhari na chumvi.

Tena, nyama ya moshi isiwe chakula kikuu cha kila siku. Mwaka 2015 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya la Dunia walitangaza kwamba nyama zilizohifadhiwa kwa chumvi au moshi, zikiliwa kwa wingi kwa miaka mingi, huongeza hatari ya kansa ya utumbo mpana. Ndiyo sababu twawashauri kuitumia kama kiungo cha chungu, kuondoa masizi, na kutokula kilichoungua.

La mwisho ni zito. Yote tuliyosema yahusu mnyama wa kufugwa, aliyechinjwa akiwa mzima. Mnyama wa porini aliyeokotwa amekufa ni jambo jingine. Ebola ilijulikana kwanza mwaka 1976 katika nchi yetu, kwenye hospitali ya misioni ya Yambuku. Watu 318 waliugua, na 280 wakafa, wakiwamo masista waliowauguza. Mwaka 1996, huko Mayibout nchini Gabon, watu 18 walioshughulika na sokwe aliyeokotwa amekufa, wakamchuna na kumkatakata, waliugua Ebola. Kati ya mwaka 2018 na 2020, Kivu ya Kaskazini na Ituri zilipoteza watu zaidi ya 2,200. Moshi haumsaidii anayechuna, kwa maana hatari imo katika damu mbichi anayoigusa. Sokwe, nyani au popo aliyeokotwa msituni asiguswe hata kidogo, wala ngozi yake, wala ini lake.

Basi, wapendwa, mnyama wa sikukuu ijayo labda yuko zizini hata sasa. Mabibi, tayarisheni chanja na kuni ngumu mapema, maana siku ile kazi ni nyingi. Watoto wa shule, wasomeeni wazazi habari ya ukaguzi, mkawasaidie kutazama ini na ulimi. Nanyi akina baba, semeni neno lile kabla kisu hakijanolewa, ili waliokwisha kupuliza makaa wasije wakakasirika bure. Nao waonje vipande viwili vitatu, kwa kuwa wamefanya kazi. Vinavyobaki vipande juu ya chanja.